Kupanda Shingoni

Kilele ni cha anayetaka kuonekana. Shingo ni ya anayetaka kupita. Nilikuwa nimeendesha baiskeli siku thelathini na nne kabla ya kulielewa jambo hilo, na nililielewa nikiwa nimeinamia usukani, mate yamenikauka, nikiutazama mlima ambao mawingu yalikuwa yameufunua kidogo, kama mpishi anayefunua chungu aone kama maji yamechemka. Ulikuwa na mabega mawili meusi, na katikati ya mabega hayo palikuwa na bonde dogo lililoning'inia angani. Barabara ilielekea hapo. Wenyeji wanapaita Shingoni. Atakaye kutoka nchi ya mahindi aende nchi ya ziwa la chumvi, hana njia nyingine.

Naitwa Navoneiwa. Kwa miaka ishirini na mitatu nilikuwa hakimu katika mji ambao sitautaja, kwa sababu miji ya namna ile inafanana, na kila msomaji ana wake. Nilipostaafu, wenzangu walirudi mashambani kwao. Mimi nilinunua baiskeli yenye gia ishirini na saba, nikawaambia wanangu nakwenda kuiona dunia. Wanangu walicheka, kisha wakalia, kisha wakaniletea kofia ngumu ya kuzuia kichwa kisipasuke. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Sikuwaambia kwamba naiona dunia yote kwa kuwa kuna sehemu yake moja naipa kisogo.

Katika kijiji cha mwisho, pale lami inapoishia, mama mmoja muuza uji alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Unapanda?"

"Napanda."

"Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Haya. Kuna mawe yamepakwa chokaa, kila kona na jiwe lake. Yanaanza arobaini na moja, yanaishia sifuri. Ukipanda, namba zinashuka. Usishangae. Na ukikutana na mtu usimtajie jina lako, wala usimuulize lake. Jina linakula pumzi. Mkifika juu mtaambiana."

"Sasa nikikutana naye nimwiteje?"

"Mwite mpandaji. Kwani hapandi?"

Akanijazia kikombe cha pili bila kuniuliza.

Kona za kwanza zilipita katika msitu wa mianzi. Hewa ilikuwa na harufu ya majani yaliyooza na maji baridi. Niliteremsha gia moja baada ya nyingine, hadi ile ya mwisho, ambayo miguu inazunguka upesi na baiskeli haiendi popote. Niligundua kwamba mwendo wangu ulikuwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Gia ishirini na saba, mnyororo uliotoka ng'ambo ya bahari, na mlima unakurudisha kwenye hatua za bibi anayetoka kuchota maji. Mlima hauna upendeleo. Mimi niliyekaa kiti cha juu miaka mingi, nikiwaangalia watu utosini, niliona ni jambo la ajabu kukutana na kitu ambacho hakijali nani ameketi wapi.

Kwenye jiwe la ishirini na nane ukungu ukashuka.

Nataka kusimulia kilichotokea humo kama kilivyotokea, ingawa najua kwamba pumzi ikipungua, kichwa nacho hukopa mambo. Nilipofika kona ya ishirini na sita nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nasukuma baiskeli ya baba, ndefu kuliko mimi, nikipitisha mguu chini ya bomba la juu kwa sababu sikufikia tandiko, na baba alikuwa nyuma yangu akisema, tazama mbele, Navo, tazama mbele, tairi linakwenda kule macho yanakokwenda. Ishirini na tano, nilikuwa nimebeba mimba ya mwanangu wa pili na magoti yalikuwa yamevimba. Ishirini na nne, nilikuwa nimevaa joho. Nikakanyaga, nikakata kona, nikaliona jiwe lililofuata. Ishirini na nne. Nikakata nyingine. Ishirini na nne.

Nikasimama. Nikaweka mguu chini. Nikajiambia: wewe ni mtu mzima, hesabu ulifundishwa. Huenda aliyepaka chokaa alikosea. Huenda nimezunguka. Lakini ndani yangu nilijua kwa nini jiwe lile haliondoki. Kuna mwaka mmoja katika maisha yangu ambao nao hauondoki. Kila nikidhani nimeupita, naukuta mbele.

Hapo ndipo niliposikia chuma kikilalamika nyuma yangu, na mtu akikohoa.

Alitokea ukunguni akisukuma baiskeli nyeusi ya zamani, ile ya mabomba mazito isiyo na gia hata moja. Juu ya keria alikuwa amefunga magunia mawili makubwa, mapana kuliko mlango. Alikuwa mtu wa makamo, koti la mvua limechanika begani, ndevu zimeota umande.

"Shikamoo, mpandaji," akasema.

"Marahaba, mpandaji. Umebeba nini?"

"Pareto. Maua makavu. Usiyaogope, mengi kwa macho tu. Kinachonitesa ni upepo." Akalitazama jiwe, kisha akanitazama mimi. "Mbona umesimama? Hapa si pa kusimama. Ukisimama hapa kifua kinajifunga."

"Jiwe hili nimelipita mara tatu."

Hakucheka. "Basi twende pamoja. Wawili hawalioni mara ya nne."

Tukaenda. Mimi nikikanyaga, yeye akisukuma, na hakuna aliyemwacha mwenzake. Jiwe lililofuata lilikuwa la ishirini na tatu. Alinieleza juu ya pareto, namna inavyochumwa mikono ikawasha, na juu ya mkewe anayemkataza kuvuka msimu huu, na juu ya wanunuzi wa upande wa pili ambao hawaji huku kwa kuwa wanaogopa baridi. Alikuwa na sauti ya mtu asiye na haraka ya kuaminiwa. Kwenye kona ya kumi na tisa tulipishana na wachungaji wawili wakishuka na kondoo. Wakampungia. Naye akawapungia kwa mkono wa kushoto, akiuachia usukani kwa shida, huku mkono wa kulia ukibaki umebanwa mbavuni kama bawa la kuku aliyeumia.

Miguu yangu ikaacha kuzunguka.

Nitasema sasa nilichokuwa sijakisema kwa miaka kumi na moja. Shamba la miti la mtu mkubwa liliungua. Akakamatwa jirani yake, mtu mwenye kiwanja kidogo ambacho mtu mkubwa alikuwa amekitaka na kukikosa. Jina lake Shekiondo. Hakuwa na wakili. Shahidi mmoja tu alitoa ushahidi wa kumwona, akaapa kwamba Shekiondo alirusha kijinga cha moto kwa mkono wa kulia, kikapita juu ya ua lililozidi urefu wa mtu. Kesho yake Shekiondo akapanda kizimbani. Karani akampa kitabu cha kiapo akinyanyue kwa mkono wa kulia. Akakinyanyua kwa wa kushoto. Karani akamkemea. Akasema kwa unyenyekevu, "Wa kulia haupandi, bibi, ulivunjika nikiwa mtoto." Karani akanung'unika, akaendelea. Nikaandika pembeni mwa karatasi: mkono? Kisha nikalikata neno hilo kwa mstari. Nikampa miaka saba.

Watu wakisikia habari kama hii huuliza nani alinipigia simu. Hakuna aliyenipigia. Hakuna bahasha, hakuna gari lililosimama nje ya nyumba yangu, hakuna mjumbe aliyekuja na salamu za mkubwa. Nilikaa wiki nzima nikiisubiri simu hiyo, na kwa kuwa haikupigwa, nilijipigia mwenyewe. Nikajiamuru, nikajitii. Ndipo nilipojua mamlaka ni nini. Tunadhani ni mkono unaokubana koo. Mkono unachoka. Mamlaka ni pale koo linapojifunza kujibana lenyewe, kwa adabu, likidhani linapumua. Mtu mkubwa yule pengine hakulijua hata jina langu. Pengine siku ile alikuwa anakula samaki na wajukuu wake. Nami nilimtumikia kuliko mtumishi aliyeitwa.

Na sasa mtu mwenye mkono ule alikuwa hatua mbili mbele yangu, kwenye ukungu, mahali ambapo majina hayatajwi.

"Mpandaji," akaita. "Umechoka?"

"Kidogo."

"Tupumzike. Kona ya kumi na tano ina mwamba wa kukinga upepo."

Tukaketi chini ya mwamba. Akatoa viazi viwili vya kuchemsha vilivyofungwa katika jani la mgomba, na chumvi katika kipande cha karatasi. Akanipa kikubwa. Nilikula kiazi cha mtu niliyemfunga. Kilikuwa bado na joto, kwa kuwa alikuwa amekibeba kifuani. Nilimtazama anavyokula kwa mkono mmoja. Sura? Miaka kumi na moja ni mingi, na hakimu hatazami sura sana, anatazama faili. Huenda ni yeye. Huenda anajua. Huenda amenifuata tangu kijijini akingoja kona inayofaa. Niliwaza hayo, na jambo la kushangaza ni kwamba sikuogopa. Niliona kama vile mlima umenitendea wema kuniletea huku, juu kabisa, bila karani, bila joho, bila kiti.

Lakini sikusema. Kumi na nne, kumi na tatu. Kumi. Kifua kilikuwa kinachukua hewa, hewa haishibishi. Saba. Sema sasa. Sita. Akimaliza kukohoa nitasema. Tano. Hukumu nilizisoma maelfu, sauti haikuwahi kutetemeka. Nne.

Kwenye jiwe la tatu nikashuka kwenye baiskeli, nikailaza kando ya barabara.

"Mpandaji," nikasema, "mimi nilikuwa hakimu."

Akasimama, magunia yakayumba.

Nikamwambia yote. Shamba la miti, shahidi, kitabu cha kiapo, neno nililoliandika na kulikata. Nilimwambia juu ya simu isiyopigwa. Nilipiga magoti kwenye changarawe, na wala sikupanga kupiga magoti. Nikasema, "Nisamehe. Kama huwezi, nipige. Kama huwezi kunipiga, niambie nifanye nini."

Upepo ulikuwa unavuma kutoka juu. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta pa kuegesha mzigo. Mwisho akaiegemeza baiskeli yake kwenye jiwe.

"Mtu huyo anaitwa nani?"

"Shekiondo."

"Pole, mama. Mimi siye."

Nikamtazama.

"Mkono huu niliuvunja hapahapa, kona ya kumi na moja, breki zilipokatika nikishuka na gunia tatu. Mahakamani sijawahi kufika hata kutoa ushahidi." Akanishika kiwiko, akaniinua. "Simama. Changarawe hizi zinachana."

Nilijaribu kucheka, ikatoka sauti nyingine. Nikasema, "Lakini kama ungekuwa wewe. Kama ungekuwa yeye. Ungenijibu nini?"

"Sijui."

"Fikiria tu."

"Siwezi, mama. Mtu akinipa salamu za mwenzangu nikazipokea kama zangu, huo ni wizi." Akafikiri. "Alikufa?"

"Hapana. Alipunguziwa kifungo, akatoka baada ya miaka mitano."

"Alihama?"

"Hapana. Anakaa palepale mjini kwetu, nyuma ya machinjio. Nilikuwa napita njia nyingine nisiione nyumba yake."

Akashika usukani wake, akaanza kusukuma. Alikwenda hatua tatu nne, kisha akageuza kichwa. Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

"Basi huku unapanda nini?"

Nikaiinua baiskeli yangu, nikamfuata. Tulimaliza kona zilizobaki.

Shingoni hapana kitu. Kuna jiwe lenye sifuri, kibanda cha mabati kisicho na mlango, na upepo. Nilikuwa nimepawaza siku thelathini na nne, nikidhani patakuwa na kitu. Ukungu ulikatika, nikaona upande wa pili: ardhi ya kijivu, tambarare, na mbali kabisa ziwa jeupe likimeta kama bati. Ni pazuri. Nakiri ni pazuri. Ningeweza kuachia breki nikateremka bila kukanyaga hata mara moja hadi magharibi.

"Ambakisye," akasema yule mtu, akininyooshea mkono wa kushoto.

"Navoneiwa."

"Unateremka?"

Nilitazama ziwa. Nilijiona huko chini, mwanamke mwenye kofia ngumu akiulizwa na watoto ametoka wapi. Halafu nchi nyingine, halafu mlima mwingine, na katika kila mlima mtu mwenye mkono mbovu wa kupigiwa magoti. Kumwungamia asiyehusika ni kutamu. Nilikuwa nimekwisha kuonja utamu huo. Kifua kilikuwa kimepata nafasi, machozi yalikuwa yamenisafisha macho, na kwa Shekiondo hakuna hata chembe kilichobadilika.

"Narudi," nikasema.

Ambakisye akatikisa kichwa, akafungua kamba ya gunia na kuifunga upya, ingawa haikuwa imelegea. "Shuka polepole. Watu wanafikiri kazi ni kupanda."

Ni kweli. Kupanda kunataka miguu, na miguu ni mijinga, inatii. Kushuka kunataka mikono, na mikono inakumbuka. Nilibana breki kona arobaini na moja mpaka vidole vikafa ganzi. Kijijini nikapandisha baiskeli juu ya basi. Njia niliyoikimbia kwa siku thelathini na nne, basi lilinirudisha kwa siku tatu, na abiria wa pembeni yangu alilala muda wote.

Nilifika nyuma ya machinjio saa tisa alasiri, nikiisukuma baiskeli. Mwanamke alikuwa ameketi kibarazani akipukuchua maharage. Aliponiona akasimama, maharage yakamwagika kutoka kwenye kanga, hakuyaokota. Nikajua amenijua. Mume wake akatokea nyuma ya nyumba na ndoo. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka, mwenye mvi, na hakufanana na Ambakisye hata kidogo.

"Mheshimiwa," akasema. Haikuwa salamu.

"Naomba kukaa."

"Kaa."

Nikasema. Mara hii hapakuwa na machozi wala magoti. Maneno yalitoka makavu, mafupi, na kila moja lilipotoka nililiona linamfikia mwenyewe. Nilipomaliza, kuku waliendelea kudonoa yale maharage.

"Niliona," akasema Shekiondo. "Uliutazama mkono wangu, ukaandika, ukakata. Miaka mitano nilikuwa najiuliza umekata nini." Akaweka ndoo chini. "Sasa umekuja kutaka nini?"

"Kukuambia."

"Mimi nilikuwa najua. Waambie wasiojua. Kiwanja changu kiko ndani ya uzio wa mtu yule. Nikienda kwenye baraza la ardhi wananiambia mchoma miti hana neno. Binti yangu ameposwa mara mbili, mara mbili wameghairi."

Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule na kalamu. Akaviweka juu ya paja langu.

Vidole vilikuwa havijapona. Niliandika polepole, kama mtoto: jina langu, cheo nilichokuwa nacho, namba ya kesi, ushahidi wa shahidi, mkono. Nikaandika kwamba katika kumtia hatiani bwana Shekiondo nilikosea. Nikaandika kwamba niko tayari kuapa mbele ya mahakama yoyote. Nikampa.

Alisoma akifuata mistari kwa kidole. Alisoma yote. Kisha kidole kikarudi nyuma, kikasimama.

"Hapa."

"Wapi?"

"Umeandika ulikosea."

"Ndiyo."

"Hukukosea. Anayekosea ni yule asiyejua." Akanirudishia daftari. "Futa hapo. Andika ulijua."

Nilimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu, kama watu walivyokuwa wakisubiri mbele yangu miaka yote ile. Nikaichana karatasi, nikaanza upya ukurasa mwingine, kutoka juu kabisa, na nilipofika mahali pale nikaandika: Nilijua.

Akasoma. Akampa mkewe naye asome. Yule mwanamke, ambaye tangu nilipoingia alikuwa amesimama, akaketi.